Krismasi ya Majani ya Mgomba

Wageni wanaokuja kula Krismasi katika hoteli yangu hapa Kisii huniuliza nilijifunza wapi kupika vyakula vya nchi nyingi hivyo. Swali hilo nalipenda, na sina haraka ya kulijibu. Nina stashahada ya upishi niliyoipata Nairobi kwa jasho langu mwenyewe, bila mjomba wa kunishika mkono katika ofisi yoyote. Kisha nina miaka yangu ya jikoni Stockholm, nilikoingia kama mwosha sufuria na kutoka kama mkuu wa meza ya Krismasi, mweusi peke yangu katika mkahawa ule. Naweza kukuokea paja la nguruwe la Kiswidi likatoka na ganda la haradali na chenga za mkate, rangi ya dhahabu. Samaki wa siki naweza kukupangia wa aina saba. Uji mzito wa mchele na mdalasini, ambao Waswidi huficha lozi moja ndani yake na kusema kwamba atakayeipata ndiye atakayefunga ndoa mwaka unaokuja, huo naupika nikiwa nimefumba macho.

Luwombo pia naipika, na wanaoijua husema ni nzuri. Ni kuku au nyama katika mchuzi mzito wa karanga, iliyofungwa ndani ya jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, na kwa Waganda Krismasi haijafika mpaka kifurushi hicho kifunguliwe mezani. Lakini kila nikishika jani la mgomba mwezi wa Desemba, mikono yangu hupata baridi. Jioni moja huko Stockholm niliamini kabisa kwamba luwombo imemuua mtoto wangu kabla hajazaliwa, na kwamba mama yake yuko njiani kumfuata.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Tulikaa Hjulsta, mwisho kabisa wa treni, katika nyumba ya vyumba viwili niliyoipanga kwa jina langu wakati Wakenya wengine walikuwa bado wanalala kwa marafiki. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Kabla ya hapo alikuwa ameshapoteza mimba moja, Nairobi, wakati mimi nimetangulia Ulaya. Nilipata habari hizo nikiwa nimesimama kwenye kibanda cha simu, na sarafu zikaisha kabla sijajua la kumwambia. Kwa hiyo mimba hii ya pili tuliibeba sote wawili. Nilimkataza kubeba mifuko ya dukani. Nilimkataza kupita penye barafu bila kunishika. Alisema nimekuwa kama kuku anayeatamia.

Krismasi ile niliamua kuandaa meza ambayo haijaonekana katika jengo letu. Paja la nguruwe nililioka mimi. Mke wangu alipika chapati na pilau. Rafiki yetu Mganda aliahidi luwombo.

Rafiki huyu alikuwa amekimbia kwao enzi za wanajeshi, akapitia Nairobi ambako Kiswahili kilimwingia vizuri, kisha akaletwa Sweden na mashirika ya wakimbizi. Alikuwa akifanya usafi katika jengo kubwa la ofisi mjini, la ukumbi wenye paa la kioo na bustani ndani yake. Alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, mcheshi, mwenye kaptula fupi za ndani ya nyumba hata nje theluji ikianguka. Mimi aliniita Bwana Diploma.

"Bwana Diploma," aliniambia wiki moja kabla, "hiyo nguruwe yako itakuwa tamu, sikatai. Lakini bila luwombo mimi nitajua tu kwamba ni Jumanne ya kawaida."

Nilimwambia apike kwa karatasi ya aluminiamu, kama wanavyofanya Waganda wengine mjini. Alinitazama kama niliyemwambia avae gauni. Akasema majani yapo, nimwachie yeye hilo.

Siku ya mkesha, ambayo ndiyo Waswidi huila Krismasi yao, alifika asubuhi na mfuko mrefu wa plastiki ndani ya koti. Akayakunjua majani juu ya meza ya jikoni. Yalikuwa majani ya mgomba kweli, mapana, mabichi, hayana hata mpasuko mmoja wa upepo. Niliyakagua kama ninavyokagua kila kitu kinachoingia jikoni mwangu. Niliangalia uti wake, nikararua kipande nikanusa, na harufu ile ikanirudisha nyuma ya nyumba ya mama yangu.

"Huu ni mgomba," nikatoa hukumu.

"Tazama unavyong'aa," akasema. "Kule ofisini mgomba una mfanyakazi wake. Unapanguswa uso kuliko mimi."

Kwa kweli yaling'aa, kama yaliyopakwa mafuta. Nikayasifu. Wala hatukuyaosha. Mtu asiyetoka kwetu anaweza kushangaa, lakini kwetu jani la mgomba ndilo sahani, ndilo kifuniko, ndilo unalotandika nyama ikichinjwa. Ndilo kitu safi unachokimbilia wakati vingine vyote ni vichafu. Unalipitisha kwenye moto lilainike, basi. Rafiki yangu aliyapitisha juu ya jiko la umeme moja moja, akayafunga na kuku na karanga, na sufuria ikachemka kwa saa tatu huku madirisha yote yakilia maji.

Tulikaa mezani baada ya kile kipindi cha katuni ambacho nchi nzima hukitazama alasiri ya mkesha. Nje kulishakuwa giza. Tulikuwa watatu tu. Mke wangu, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa hali chakula vizuri, alikula luwombo hiyo mpaka tukamcheka. Alikula kifurushi cha kwanza, akafungua cha pili, akaupangusa mchuzi ndani ya jani kwa chapati hadi jani likabaki safi.

"Huyu wa ndani ni Mganda," rafiki yangu akasema. "Shemeji, mtoto nitakuja kumchukua."

Ndipo, kwa kunogewa, akatusimulia jinsi alivyoyapata majani. Jioni iliyotangulia alikuwa amejificha nyuma ya kabati la mifagio akimngoja mama wa maua aondoke. Mama huyo huja kutunza ile bustani ya ukumbini, na siku hiyo alikuwa amechelewa.

"Amebeba tangi mgongoni," akasema, "amevaa miwani mikubwa na kifuniko cha mdomo, utadhani anakwenda kuiba benki. Anapita kila jani, psss, psss, juu na chini. Nikasema hawa Waswidi, hata mgomba wanauogesha kwa ajili ya Krismasi."

Mke wangu alicheka akashika tumbo. Mimi pia nilicheka. Kisha kicheko changu kikakatika mahali fulani kifuani na hakikuendelea.

Baba yangu alikuwa na kahawa. Nilikuwa darasa la tano wakati ng'ombe wetu mmoja alipokata kamba akaingia chini ya mibuni iliyonyunyiziwa dawa asubuhi ile, akala majani yaliyokuwa chini. Baba naye alikuwa na tangi la mgongoni, na kitambaa usoni, na sauti ya bomba lake ilikuwa hiyo hiyo. Ilipofika jioni ng'ombe alikuwa anatokwa na ute mdomoni, nyama za mapaja zinatetemeka kama zenye wadudu ndani. Alianguka. Alikuwa na mimba. Baba alimpasua na ndama alikuwa mkubwa, ana manyoya tayari, amekufa. Tukakatazwa hata kumpa mbwa nyama ile.

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anajipangusa mdomo kwa leso. Tangu mwanzo wa mimba ile alikuwa na mate mengi, hilo nililijua, leso hiyo nilimnunulia mimi. Puani alikuwa na jasho. Nyumba ilikuwa na joto la sufuria na pilipili, sote tulikuwa na jasho. Lakini nilichokiona mimi ni ng'ombe.

"Alikuwa amevaa kifuniko cha mdomo?" nikamwuliza rafiki yangu.

"Nimekwambia, kama mwizi."

"Kwa nini mtu avae kifuniko cha mdomo kumwagia maua maji?"

Aliweka mfupa chini taratibu. Mke wangu akatutazama mmoja baada ya mwingine, na sikutaka kusema mbele yake, lakini uso wangu ulikuwa umeshasema.

Rafiki yangu alijaribu kujitetea. Majani yamechemka saa tatu, sumu gani itabaki? Nikamwambia sumu ya dawa si kijidudu cha kufa kwa moto, hilo nimelisomea. Mvuke wa saa tatu ulikuwa umeiosha dawa yote kutoka kwenye jani na kuishusha katika mchuzi. Na mchuzi, tulijua sote alikuwa ameupangusa nani. Akataka tumpe maji ya chumvi atapike. Nikakataa hilo pia, kwani kuna sumu ambazo zikirudi njiani huchoma mara ya pili. Nilikuwa nasema mambo haya ya darasani kwa sauti ya kawaida kabisa, na huku navisogeza vifurushi vyote mbali na mke wangu.

"Mimi sijambo," mke wangu akasema. "Mnanitazama kama maiti."

Nilipiga simu kwa watu wanaotoa ushauri wa sumu. Namba yao ilikuwa mbele ya kitabu cha simu. Alijibu mwanamke mwenye sauti tulivu, akaniuliza amekula nini, kiasi gani, lini. Halafu akaniuliza jina la dawa. Sikulijua. Akaniuliza kama mgonjwa anatokwa na jasho. Nikasema ndiyo. Mate? Nikasema ndiyo, lakini kwamba ni ya kawaida yake. Mikono inatetemeka? Nikasema inayotetemeka ni yangu. Aliniambia nimpeleke hospitali sasa, nisimpe chochote, na nichukue jani moja.

Nilipokata simu rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni.

"Ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini, "usiwaambie yametoka wapi. Watanifukuza. Nani tena atampa kazi mwizi wa maua?"

Nilimjibu neno ambalo sitaliandika hapa. Alilimeza. Akageuka akaanza kuyakusanya majani.

Namba ya teksi iliita bila kupokewa. Niliiacha iite, nikapiga tena. Mtu mmoja akapokea akaniambia wote wako nyumbani kwao, ningoje, hajui mpaka lini. Mke wangu alikuwa amekwisha vaa koti lakini lilikuwa halifungi tumboni, akakaa kwenye kiti cha mlangoni na viatu vya theluji mkononi. Wakati huo huo mlango ukagongwa.

Alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, bibi wa Kiswidi, mjane, amebeba bakuli la ule uji wa mchele lililofunikwa kwa kitambaa. Ninapaswa kusema kwamba bibi huyu hakuwahi kuniona katika shida. Nilikuwa nimejipangia hivyo. Mimi ndiye niliyempelekea mikate, mimi ndiye niliyembebea mizigo, ili asije akasema jirani yake Mwafrika ni mtu wa kuomba. Sasa nilisimama mbele yake na mkono wa simu umening'inia, nikamweleza yote kwa Kiswidi changu kizuri, ofisi, majani, dawa, mtoto. Sikuficha kitu. Hakuuliza hata swali moja. Alirudi kwake, akatoka amevaa koti juu ya aproni, na funguo za gari mkononi.

Gari lake lilikuwa dogo na la zamani. Kioo cha mbele kilikuwa na barafu, naye alikuwa akiifuta kwa glavu huku anaendesha. Rafiki yangu alikaa mbele na mfuko wa majani mapajani, na juu ya mfuko bakuli la uji, kwa sababu bibi alisahau kuliacha na hakuna aliyekuwa na akili ya kumkumbusha. Mimi nilikaa nyuma na mke wangu. Kila dirisha tulilopita lilikuwa na kinara cha taa saba za Krismasi, ghorofa baada ya ghorofa, na ndani watu wanakula.

"Anacheza?" nilimwuliza.

Alichukua mkono wangu akauweka chini ya koti, upande ambao mtoto hupenda kupiga teke.

"Tangu tukae mezani hajacheza," akasema.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza jioni ile nilipoisikia hofu katika sauti yake, na kuisikia kwake kulinimaliza. Mimi nilikuwa naogopa kwa niaba yetu wawili na nilidhani hiyo ni kazi yangu. Nilibonyeza tumbo kidogo kwa vidole. Hakuna. Bibi akakata kona, bakuli likaserereka, rafiki yangu akalidaka. Nikabonyeza tena. Nilimwomba Mungu kwa Kigusii, lugha ambayo nilikuwa sijaitumia kumwomba tangu nibatizwe.

Hospitalini walimlaza mara moja. Daktari alikuwa kijana, nadhani alikuwa mdogo kuliko mimi. Alimmulika machoni, akamshika mapigo, akamtoa damu. Akauliza ni dawa gani na imetoka wapi. Nilifungua kinywa, lakini rafiki yangu alinitangulia. Alisimama wima kama askari, na kwa Kiswidi chake cha vipande vipande akasema:

"Ni mimi niliyeyakata. Nafanya usafi pale. Nimeiba."

Akaitaja ofisi, akaitaja na barabara. Akampa mfuko. Daktari alilinusa jani, akalisugua kwa pamba nyeupe, akaitazama pamba. Alikwenda kupiga simu.

Mkunga akaja na kifaa kidogo cha mbao chenye umbo la tarumbeta. Akaweka upande mpana tumboni kwa mke wangu, na sikio lake upande wa pili, akafumba macho. Alingoja. Akakihamisha. Akangoja tena. Nimesimama jikoni kwenye moto na visu maisha yangu yote, nimesimama mbele ya maofisa wa uhamiaji, lakini sijawahi kusimama mahali pagumu kama kando ya kitanda kile nikitazama kope za mwanamke nisiyemjua. Akakihamisha mara nyingine, chini zaidi, karibu na nyonga.

Kisha akanipungia mkono niiname.

Niliweka sikio. Nilichosikia kilikuwa kishindo kizito, na nikakata tamaa maana nilijua ni moyo wangu mwenyewe. Mkunga akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, kama mama amwoshaye mtoto masikio, akakigeuza kidogo. Nyuma ya kishindo changu kulikuwa na kingine, kidogo, cha haraka sana, kama mtu anayekimbia kwa viatu laini.

Sikuweza kunyanyuka. Mke wangu akawa anauliza, je, je, na mimi nimelala pale juu ya tumbo lake sisemi.

Daktari aliporudi alisema bila jina la dawa hawezi kuapa, lakini macho ya mke wangu yako sawa, mapigo yako sawa, na kama ingekuwa ya kuua dalili zingeshaonekana. Watamtazama hadi asubuhi. Halafu akatugeukia.

"Na ninyi? Mlikula vingapi?"

Tulitazamana. Rafiki yangu alikuwa amekula vifurushi vitatu, mimi kimoja na nusu. Muda wote ule, tangu kicheko kilipokatika, haikunijia hata mara moja kwamba sumu hiyo imo tumboni mwangu pia. Tukamulikwa macho sisi nasi, tukakalishwa kwenye viti vya ukumbini.

Wauguzi walimletea mke wangu sahani ya Krismasi ya hospitali, yenye nguruwe na samaki wa siki. Nusura nimnyang'anye.

"Hii je, mzee?" akaniuliza. "Imekaguliwa?"

Lakini hakuigusa. Aliomba uji wa bibi, uliokuwa umepoa na kuganda, wenye sukari na mdalasini mwingi. Bibi alimlisha mwenyewe, na mkunga hakukataza. Alipofika katikati ya bakuli akasimama na kijiko hewani, akanivuta mkono akauweka ubavuni. Mtoto alipiga teke. Alipiga tena. Alipiga kama anayegonga mlango wa mtu aliyechelewa kufungua. Kisha mke wangu akatema kitu kiganjani. Ilikuwa lozi.

"Mimi nimeshaolewa," akasema. "Mpelekeeni shemeji."

Nilimpelekea. Alikuwa amekaa pale pale ukumbini, mfuko uliobaki na majani mawili bado uko miguuni pake, anakataa kwenda nyumbani. Nilikaa karibu naye. Aliitazama ile lozi, akaitia mfukoni bila kusema lolote la kuchekesha, na tukakaa hivyo mpaka kulipokucha.

Kilichokuwa ndani ya lile tangi sikijui hadi leo. Labda ilikuwa dawa ya wadudu, labda mafuta tu ya kung'arisha majani. Hospitali haikupeleka habari popote, na rafiki yangu hakumwuliza mama wa maua, kwa sababu kuuliza kungekuwa kujitaja. Mimi nami sikumhimiza. Aliniambia tu kwamba aliporudi kazini mgomba ulikuwa umetoa jani jipya, na kwamba alilipita bila kuligeukia.

Binti yetu alizaliwa majira ya theluji kuyeyuka, mzito, mwenye kelele. Leo anasimama jikoni mwangu na kunijibu kwa Kiswidi ninapomwambia kwa Kiswahili akae mbali na moto. Migomba iko nyuma ya hoteli, nimeipanda kwa mkono wangu, haijanyunyiziwa hata tone la dawa na kila mtu anajua. Hata hivyo siku ya mkesha sina mpishi ninayemwachia majani. Nayaosha mwenyewe, kwa sabuni, kisha kwa maji ya moto, pande mbili, jani moja baada ya jingine. Wapishi vijana hucheka mgongoni mwangu, na mmoja aliwahi kumwuliza mke wangu kama hilo nalo nilifundishwa Ulaya.

Alimwambia amwache mzee aoshe, kisha akavuta kiti, akakaa karibu na karai, akawa ananipokea majani na kuyakausha.